Yusuf bin Ismail wa Karalar: kumtafuta mtu nyuma ya jina la jukwaani

Tarehe 26 Machi 1898, ndani ya Madison Square Garden, New York, Ernest Roeber alikuwa anarudi nyuma. Jukwaa la mieleka lilikuwa limeinuliwa juu ya sakafu na pembeni halikuwa na kamba. Kila mara Mturuki aliyemkabili aliponyoosha mikono, Roeber alisogea tena kuelekea ukingoni. Mwishowe Mturuki akamsukuma kwa nguvu, Roeber akaporomoka hadi chini, ukumbi ukalipuka kwa makelele, na mwamuzi akampa ushindi huyo aliyeanguka, kwa kuwa mwenzake alikuwa amevunja sheria.

Mturuki huyo alikuwa Yusuf wa Karalar. Magazeti ya Marekani yalimwandika Yousouf Ishmaelo.

Hiyo "o" ya mwisho imenikaa kichwani kwa wiki kadhaa.

Haitoki Kituruki. Haitoki Kiarabu. Ni herufi ya tangazo la ukumbini, imebandikwa ili jina lisikike la mbali na la kutisha. Mtu anayetaka kujua Yusuf alizaliwa wapi, na nani, na mwaka gani, inambidi aanze kwa kuibandua hiyo herufi, halafu aendelee kubandua kila kilichofuata: jina la jukwaani, jina la kijiji, jina la mkoa, tarehe. Kila tabaka lina fundi wake aliyelipaka, na kila fundi alikuwa na sababu yake.

## Ismail si jina la ukoo

Msomaji wa pwani atalielewa hili haraka kuliko msomaji wa Paris au Chicago. Yusuf İsmail ni Yusuf bin Ismail, basi. Ismail ni baba yake. Katika Dola ya Uthmaniya Waislamu wa vijijini hawakuwa na majina ya ukoo kwa maana ya leo. Uturuki ilipitisha sheria ya majina ya ukoo mwaka 1934, miaka 36 baada ya kifo chake.

Kwa hiyo anayetafuta "familia ya akina Ismail" anatafuta kitu ambacho hakijawahi kuwako. Kaka yake Yusuf angeandikwa kwa jina la baba huyo huyo, lakini mtoto wa Yusuf angeandikwa bin Yusuf, na Ismail angetoweka kwenye mstari baada ya kizazi kimoja tu. Ndugu waliohamia Uturuki wakachukua majina mapya mwaka 1934, na ndugu wa tumbo moja waliokuwa wanaishi wilaya tofauti waliweza kutoka na majina mawili yasiyofanana hata kidogo.

Halafu Yusuf na Ismail ni majina yaliyojaa kila msikiti. Katika kijiji kimoja cha kaya 60 unaweza kukuta akina Yusuf bin Ismail zaidi ya mmoja. Jina peke yake halimtambulishi mtu. Kinachomtambulisha ni mambo manne yakikutana: jina lake, la baba yake, kijiji na umri.

Na "Koca"? Waturuki wanamkumbuka kama Koca Yusuf. Ukifungua kamusi ya Kituruki cha leo, maana ya kwanza ya *koca* ni mume. Hapa siyo. Ni ile maana ya zamani ya mkubwa, wa makamo, mwenye haiba. Alipewa baada ya kuwa mtu mzima anayejulikana viwanjani, ili asichanganywe na akina Yusuf wengine. Usilitafute katika orodha ya watoto wa kijiji. Halimo, na likiwemo ni la mtu mwingine.

## Kijiji kilichotafsiriwa

Kijiji anachotajwa nacho ni Karalar, katika eneo la Deliorman, kaskazini-mashariki mwa Bulgaria ya leo, upande wa mji wa Şumnu. Ukitafuta Karalar kwenye ramani ya leo ya Bulgaria hukipati.

Hapa ndipo utafutaji mwingi unapokwama, na hapa ndipo ulipo ufunguo.

*Kara* ni "nyeusi" kwa Kituruki. Kibulgaria cha "nyeusi" ni *cherna*. Kijiji kinaitwa Cherna, katika wilaya ya Hitrino, mkoa wa Shumen. Waliobadilisha hawakulifuta jina la zamani wakaweka la shujaa fulani, kama ilivyofanyika kwingi. Walilitafsiri. Wimbi kubwa la kubadilisha majina ya Kituruki ya vijiji lilipiga Bulgaria mwaka 1934, na katika wimbi hilo ukiona jina jipya la Kibulgaria, jambo la kwanza ni kulirudisha kwenye Kituruki neno kwa neno, uone kama linazaa kitu. Hitrino yenyewe ilikuwa Şeytancık, "kishetani kidogo". Jina jipya limebeba wazo la ujanja, na ukilisikiliza vizuri unamsikia shetani yuleyule amevaa koti jingine.

Lakini tafsiri ina hatari yake. Kuna Cherna nyingine katika mkoa wa Dobrich, na kuna Cerna upande wa Dobruja iliyo Romania. Vijiji vinavyoitwa Karalar ndani ya Uturuki ni vingi. Kukosea hapa hakukupeleki kijiji cha jirani tu, kunakupeleka nchi nyingine. Dobruja ya Kusini, pamoja na Dobrich, ilikuwa mikononi mwa Romania kuanzia 1913 hadi 1940, kwa hiyo karatasi za Cherna ile zimepita katika ofisi tofauti na karatasi za Cherna hii.

Mji mkuu wa eneo nao una majina yake. Waturuki walisema Şumnu. Waingereza na Wafaransa wa karne ya 19 waliandika Shumla. Leo ni Shumen. Na kati ya 1950 na 1965 uliitwa Kolarovgrad, kwa hiyo kitabu au ramani ya miaka hiyo haitakupa Shumen hata ukeshe nayo.

Mkoa nao ulihama bila kijiji kusogea hata hatua. Kabla ya 1864 eneo hili lilihesabiwa chini ya Silistre. Mwaka 1864 ukaundwa mkoa wa Danube, makao yake Rusçuk, yaani Ruse ya leo, na Midhat Paşa akiwa gavana. Mwaka 1878, kwa Mkataba wa Berlin, likaangukia Utawala wa Bulgaria. Mtoto aliyezaliwa Karalar miaka ya 1850 alibadilishiwa mkoa akiwa bado anachunga mbuzi, na akabadilishiwa dola akiwa kijana, huku akilala nyumba ileile.

Je, basi alikuwa Mbulgaria au Mturuki? Swali hili huulizwa kwa hasira sana, na linaulizwa vibaya. Alizaliwa raia wa sultani, Mwislamu, msemaji wa Kituruki, katika ardhi ambayo leo ni Bulgaria. Hayo yote ni kweli kwa pamoja, na hakuna hata moja linalofuta lingine.

## Pale "-li" inapodanganya

Wapiga mieleka wa Kiuthmani walijulikana kwa mahali. Kiambishi *-li* (au *-lu*, *-lı*, kufuata irabu za neno) kinafanya kazi ya "wa" yetu katika "Juma wa Pangani". Şumnulu ni mtu wa Şumnu. Inaonekana rahisi mno: soma jina, nenda kijijini.

Mchukue Kurtdereli Mehmet, aliyeishi tangu 1864 hadi 1939. Jina linasema ametoka Kurtdere, na Kurtdere iko Balıkesir, Anatolia ya magharibi. Lakini Mehmet naye ni mtoto wa Deliorman. Aliondoka na wakimbizi baada ya vita vya Urusi na Uturuki vya 1877 na 1878, wakapewa mahali pa kukaa, na mahali hapo ndipo palipompa jina. Jina lake linaonyesha alikofikia, siyo alikotoka.

Mchukue Adalı Halil. *Ada* ni kisiwa. Asiyejua atakwenda kumtafuta kwenye visiwa vya Aegean, kumbe Ada hii ni jina la eneo la nchi kavu upande wa Edirne.

Kwa hiyo mahali palipo ndani ya jina ni mahali ambapo watu walianza kumtofautisha mtu huyo na wengine. Panaweza kuwa pa kuzaliwa, pa kuhamia, au pa kijiji cha bwana aliyemlisha na kumfundisha. Kwa Yusuf tuna bahati: yeye hakuchukua jina la mahali kama jina lake kuu, kwa hiyo Karalar haikuja kwa njia hiyo ya jina. Inabidi isimame kwa ushahidi wake yenyewe.

## 1273 ya kalenda ipi?

Mwaka wa kuzaliwa unaorudiwa kila mahali ni 1857. Hakuna karani wa Kiuthmani aliyewahi kuandika "1857". Mtu aliugeuza kutoka mahali fulani, na ugeuzaji ndipo makosa yanapoingilia.

Dola ilikuwa na kalenda mbili kwa wakati mmoja. Moja ni ya Hijria, inayofuata mwezi, tunayoifahamu. Ya pili iliitwa Rumi, iliyoanza kutumika rasmi katika mambo ya fedha mwaka 1840: miezi yake inafuata jua kwa hesabu ya Julian, mwaka unaanza Machi, na unapata mwaka wa Kizungu kwa kuongeza 584.

Jaribu na 1273. Kwa Hijria ulianza Septemba 1856 ukaisha Agosti 1857. Kwa Rumi ulianza Machi 1857 ukaisha Machi 1858. Hapa tofauti ni ndogo, na inaweza kufichika isionekane kabisa. Lakini Hijria ni fupi kwa takriban siku 11 kila mwaka, kwa hiyo pengo linapanuka: mwaka 1300 wa Hijria unaangukia 1882 hadi 1883, na 1300 wa Rumi unaangukia 1884 hadi 1885.

Kipimo kizuri cha kujikagua ni vile vita vya Urusi na Uturuki. Waturuki wanaviita *93 Harbi*, Vita vya 93. Vilianza Aprili 1877. Ongeza 584 kwenye 1293, unapata 1877, inakaa sawa. Kwa Hijria mwaka huo ulikuwa 1294. Yaani jina la vita limetokana na Rumi, na mwandishi anayesoma kila tarehe ya Kiuthmani kana kwamba ni Hijria ataviweka vita vianze mwaka mmoja kabla ya kuanza.

Bulgaria nayo iliendelea na Julian hadi 1916. Karatasi ya Kibulgaria ya miaka ya 1890 iko nyuma kwa siku 12 ukilinganisha na gazeti la Paris la siku hiyohiyo.

## Ndani ya daftari

Kuanzia miaka ya 1830 dola ilihesabu watu katika madaftari ya *nüfus*. Neno ni lilelile la nafsi, na Kituruki kimelichukua liwe "idadi ya watu". Hapa ndipo mtu wa kawaida wa kijijini anapotokea kwa mara ya kwanza akiwa na sura.

Mstari unakwenda hivi. Kwanza namba ya kaya. Kisha kimo na nywele za usoni: *uzun boylu*, mrefu, *orta boylu*, wa wastani, *kara bıyıklı*, wa masharubu meusi, *kır sakallı*, wa ndevu zenye mvi. Kijana anayeanza kuota masharubu ni *ter bıyıklı*. Kisha jina, jina la baba, na umri. Wana wanafuata chini ya baba yao, mmoja mmoja. Mabadiliko ya baadaye yanaongezwa juu ya mstari: amefariki, amehama, ameingia jeshini.

Lengo lilikuwa askari na kodi. Ndiyo maana madaftari haya ya mwanzo yana wanaume tu. Mama yake Yusuf hayumo. Dada zake hawamo. Anayekuambia jina la mama yake amelipata kwa simulizi, na simulizi inaweza kuwa sahihi kabisa, lakini siyo daftari. Hesabu iliyoanza 1881 ndiyo iliyowaingiza wanawake, na kufikia hapo Karalar ilikuwa imeshatoka mikononi mwa dola.

Kuna mambo matatu yanayoharibu usomaji, na nimeyaona yakirudiwa na watu wazuri kabisa.

La kwanza ni nukta. Aliyewahi kushika muswada wa utenzi ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu anaijua adha hii: irabu hazimo zote, na karani mwenye haraka anaacha nukta. Karalar inaandikwa qaf, ra, ha, lam, ra. Ile ha ya katikati inasimama badala ya irabu. Karani akiiruka, na msomaji akaona nukta (au doa la wino) juu ya ra ya kwanza, anasoma Kızlar, "wasichana". Kijiji kimehama kwa tone la wino.

La pili ni umri. Watu wazima waliandikiwa umri wa kukadiria, ndiyo maana kuna 30, 35, 40 na 45 tele, na 37 chache. Mtoto wa miaka mitatu haandikiwi kumi. Kwa hiyo kwa Yusuf daftari lenye thamani ni la mwanzoni mwa miaka ya 1860, akiwa mdogo chini ya baba yake. Ukimpata akiwa "wa miaka 20" tayari umepoteza uhakika wa miaka mitatu au minne kila upande.

La tatu, karatasi zenyewe zilitawanyika. Nyingi ziko katika hifadhi ya serikali Istanbul. Lakini mwaka 1931 Uturuki iliuza shehena ya nyaraka za Kiuthmani kama karatasi chakavu, zikapelekwa Bulgaria kusagwa. Zilizookolewa ziko Maktaba ya Taifa mjini Sofia, pamoja na nyaraka nyingine za Kiuthmani zilizobaki huko. Kumaliza Istanbul peke yake na kutangaza kwamba "hakuna kitu" ni kufunga kesi nusu yake ikiwa haijasikilizwa.

Tena kwa familia zilizobaki kijijini kuna pigo la karibu zaidi. Mwaka 1984 na 1985 serikali ya Bulgaria iliwalazimisha Waturuki wake kuchukua majina ya Kibulgaria. Mwaka 1989 watu zaidi ya 300,000 wakavuka kwenda Uturuki ndani ya miezi michache. Mjukuu wa kitukuu anaweza kuwa na majina matatu katika ofisi tatu, yote ya halali.

Haya yananiuma. Mtu alinyang'anywa jina lake akiwa hai, na sisi tunalalamika kwamba babu yake hatafutiki.

## Suruali ya ngozi

Kuna ushahidi mmoja usiohitaji kusomwa, nao ni *kispet*, suruali ya mpiga mieleka wa mafuta.

Inashonwa kwa ngozi ya nyati au ya ndama, na ikiloa mafuta huwa nzito. Kiunoni ina pindo nene linaloitwa *kasnak*, linakazwa kwa kamba. Chini ya magoti ncha zake zinafungwa kwa nguvu, kwa sababu vidole vya mpinzani vikipita hapo mguu si wako tena. Mwili mzima umepakwa mafuta, ngozi haishikiki, hivyo mtego ulio wa kweli ni kuingiza mkono ndani ya suruali ya mwenzako. Hubebwa katika kikapu kinachoitwa *zembil*, na mchezo huendeshwa kwa ngoma na *zurna*, ndugu wa zumari yetu.

Mieleka hii ya mafuta ndiyo iliyotawala Rumelia, yaani nchi za Balkan, na kiwanja chake kikuu kilikuwa Kırkpınar karibu na Edirne. Sehemu kubwa ya Anatolia walipigana *karakucak*, mikavu, bila kispet ya ngozi. Kwa hiyo picha ya Yusuf ndani ya kispet inasema alilelewa katika viwanja vya aina gani. Haisemi kijiji, maana Deliorman nzima ilizaa watu wa aina hii: Kara Ahmed, aliyetwaa ubingwa wa dunia Paris mwaka 1899, ni wa nchi hiyohiyo. Lakini inaziba mlango wa Karalar nyingi za Anatolia, na hilo si dogo.

Pia inaeleza mambo ya New York. Katika mieleka ya Kigiriki na Kirumi kushika chini ya kiuno ni marufuku. Mtu aliyefundishwa tangu utoto kutafuta pindo la suruali aliwekwa jukwaani mbele ya mtu anayekimbia, akaambiwa nusu ya ufundi wake ni kosa. Ukutanaji wao wa pili, Aprili 1898 katika Metropolitan Opera House, uliishia kwenye vurugu.

## Kilichozama na La Bourgogne

Juni 1898 alimshinda Evan Lewis huko Chicago, kisha akapanda meli ya Kifaransa La Bourgogne kurudi nyumbani. Alfajiri ya tarehe 4 Julai, ndani ya ukungu karibu na kisiwa cha Sable, iligongana na Cromartyshire, jahazi kubwa la Waingereza. Watu zaidi ya 500 walikufa. Yusuf alikuwa mmoja wao.

Mara hadithi zikaanza. Kwamba alizama kwa uzito wa sarafu za dhahabu alizozifunga kiunoni. Kwamba aling'ang'ania mashua, mabaharia wakamkata mikono. Zote mbili zina kasoro moja: zinahitaji shahidi aliyekuwa karibu naye majini, akimtazama yeye na si maisha yake mwenyewe, katika ajali ambayo wengi wa walionusurika walikuwa wafanyakazi wa meli waliokuwa na kila sababu ya kujieleza.

Kilichonishtua ni athari yake kwa upande wa pili wa maisha yake. Kifo kilichosimuliwa hivyo kilihitaji mwanzo unaolingana nacho, na wauza tiketi walishautengeneza: jitu la sultani, lisilo na kijiji. Baada yake jina lake la matangazo, "Mturuki wa kutisha", likapewa wapiga mieleka wengine, na habari zao zikamwagikia kwake. Ukikuta kimo, uzito au asili ya "Mturuki wa kutisha" katika gazeti la baada ya Julai 1898, kwanza hakikisha ni nani anayezungumzwa. Ukikuta uzito kwa *okka*, kipimo cha Kiuthmani, zidisha kwa 1.28 upate kilo: okka 100 ni kilo 128.

## Mstari unaotafutwa

Ni daftari la kabla ya mkoa wa Danube au la miaka yake ya kwanza. Kichwa cha ukurasa: kaza, yaani wilaya, ya Şumnu, kijiji cha Karalar, pamoja na ile ha katikati. Kaya yenye baba aitwaye Ismail, na kimo chake kimeandikwa. Chini yake mtoto Yusuf, umri kati ya mitatu na saba kutegemea mwaka wa daftari, bila neno lolote kuhusu masharubu. Ikiwezekana, kaya hiyohiyo katika daftari linalofuata, mtoto akiwa ameongezeka miaka ileile ambayo madaftari yameachana.

Kama kaya ziko mbili zinazofaa, ziandikwe zote mbili.

Na pembeni mwa nakala iandikwe namba ya daftari, ya ukurasa na ya kaya, pamoja na kalenda iliyotumika, ili mwingine aufungue ukurasa uleule na kuusoma kwa macho yake.